Pua ya Mpimaji

Wapo watu wanaopoteza simu, wapo wanaopoteza funguo. Eva alipoteza kunusa. Pua yenyewe ilibaki pale pale usoni, nyembamba, nzuri tu, ya watu wa kwao Mbulumbulu, ila kazi ilishaacha. Ulikuwa ule ugonjwa uliozunguka dunia nzima. Ulipofika Karatu ulimlaza, na siku aliyoinuka akaomba chai, akaletewa kikombe cha maji ya moto yenye rangi. Akamgombeza mdogo wake: tangawizi iko wapi? Mdogo wake akabaki kumtazama, kwa sababu tangawizi ilikuwa imetiwa mpaka inawasha macho.

Angekuwa mwalimu, au muuza nguo, lisingekuwa jambo la kupeleka popote. Watu wanaishi miaka bila vitu vikubwa kuliko hicho. Lakini kazi ya Eva ilikuwa kupima harufu. Alikuwa ameajiriwa na ofisi ndogo ya upimaji iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la pembejeo, na yeye ndiye aliyekuwa mtu wao wa vihisi: visanduku vyeupe, kila kimoja ukubwa wa mkate, vyenye kemikali ndani zinazobadilika zikiguswa na gesi. Sehemu moja inashtuka kwa amonia, ile inayokukaba ukiingia zizini asubuhi. Nyingine inashtuka kwa gesi ya mayai viza, ile ya majitaka yaliyolala bila hewa. Kisanduku hakichoki, hakishikwi na mafua, na hakina jirani wa kumwonea haya. Eva alikipenda kwa hayo.

Ila ofisi ilikuwa na kanuni moja ya kizamani. Kila mpimaji akienda kukagua kifaa, sharti asimame pale, atulie, anuse kwa pua yake mwenyewe, kisha aseme: hakuna, hafifu, wastani, au kali. Tena asogeze pua kwenye kifaa chenyewe, maana kikimwagikiwa kitu au kikikojolewa na mbuzi, namba zake ni za kutupa. Mkuu wa ofisi, Bwana Adrian, aliishika kanuni hiyo kuliko mshahara wa watu wake. Alikuwa akisema haamini mashine ambayo hakuna mtu aliyeisimamia kwa mwili wake.

Eva hakumwambia Adrian. Mwanzoni alidhani kunusa kutarudi, kama kulivyorudi kwa wenzake. Hakukurudi. Basi akabuni njia: akawa anasoma uso wa dereva. Raphaeli alikuwa mtu wa makamo, mnyamavu, mwenye uso usioweza kuficha kitu. Akikunja pua kidogo, hafifu. Akipandisha kioo, wastani. Akitema mate dirishani, kali. Njia hiyo ilimvusha muda mrefu bila kosa lolote alilolijua, na mtu akivuka hivyo mara nyingi huanza kujiona mzima. Eva alikuwa amefika hapo.

Kisha likaja shauri la kituo cha majitaka.

Kituo kilikuwa bondeni, nje kidogo ya mji, upande wa njia inayopanda kwenye lango la Ngorongoro. Magari ya kunyonya vyoo yalizunguka kwenye loji asubuhi, yakaja kumwaga pale jioni. Watalii wanakula vizuri, na kinachoingia lazima kitoke. Majitaka yaliingia bwawa la kwanza, yakahamia la pili na la tatu, na tope lililobaki likakaushwa bandani liwe mbolea. Ni kazi ya maana, tusiseme uongo. Bila hiyo mji mzima ungejua kilicholiwa lojini jana. Meneja wa pale, Modest, alikuwa mtu mpole, wa kusalimia kwa mikono miwili, na alijivunia maji yake ya mwisho yalivyokuwa meupe.

Juu kidogo ya bonde kulikuwa na boma la Namunyak. Alikuwa mama mtu mzima wa Kimaasai, mjane, aliyetoka Olbalbal na mwanawe Koinet baada ya ukame kuwamalizia ng'ombe, wakabaki na wa kuhesabika. Walikinunua kile kipande cha ardhi kutoka kwa mkulima mmoja Mwiraqw kabla kituo hakijawaziwa. Sasa kila usiku ukitulia, harufu ilipanda kutoka bondeni, ikaingia bomani, ikakaa. Wajukuu walikohoa. Wageni waliokuja kulala waliaga kabla ya giza, wakisingizia safari. Kwa Namunyak hilo la wageni ndilo lililouma zaidi. Akaenda kulalamika kijijini, akafuata na wilayani, mpaka ofisi ya Adrian ikaitwa ipime.

Shauri lilikuwa na pande mbili tu. Ikionekana harufu ni ya mabwawa, kampuni yenye kituo itafunika bwawa la kwanza kwa gharama zake na kuacha mpango wa kuchimba jingine. Ikionekana ni ya mifugo, malalamiko yanatupwa, na boma linahamishwa kupisha bwawa jipya. Namunyak alikuwa amehama mara moja maishani na alikwisha kusema hana miguu ya kuhama tena.

Siku ya kufunga vifaa, Raphaeli aliacha gari barabarani kwa sababu ya korongo, Eva akapanda kwa mguu. Alifunga visanduku vingine kwenye uzio wa kituo na kwenye mashamba ya jirani, na kimoja akakipigilia kwenye nguzo, nje ya uzio wa miiba wa boma lile. Namunyak alikuwa jikoni akichemsha chai. Basi Eva akamwelezea Koinet, kwa kuwa ndiye aliyesoma: kifaa hiki ni cha ofisi, mlalamikaji haruhusiwi kukigusa, akikigusa, shauri lake limekufa. Koinet akaitikia kwamba ameelewa. Akaelewa kweli. Kesho yake alfajiri akawapandisha ng'ombe wasiokamwa Nainokanoka kutafuta majani, na alichokielewa akaondoka nacho.

Chai ilipoletwa, Namunyak alikitazama kile kisanduku kwa heshima.

"Hii ni ya nani?"

"Ya ofisi yetu, yeyo," Eva akajibu, akimwita mama kwa lugha yake. "Sisi ndio tumekuja nayo kwako."

"Kwa hiyo ni ya mgeni."

"Ndiyo, ni ya mgeni," Eva akasema, akitafuta pa kuweka kikombe. "Naomba muitunze. Isiibwe, isiliwe na fisi."

"Hilo niachie mimi," Namunyak akasema.

Zilifuata wiki za kipupwe, za ukungu unaokaa mpaka watu wameshakunywa uji. Eva alipita kila baada ya siku kadhaa. Mtandao wa simu pale juu ulikuwa wa kubahatisha, hivyo alichomoa kadi ndogo ya kumbukumbu, akaweka nyingine, akakiacha kifaa nguzoni. Kila alipofika alikikuta mahali pake, kimenyooka, kisafi kuliko vingine vyote. Namunyak alisimama kando yake na shuka mabegani, akingoja.

"Umesikia?" angeuliza. "Asubuhi hii harufu imebaki kidogo. Umesikia?"

"Nimesikia, yeyo."

Raphaeli alikuwa kule chini na gari, hapakuwa na uso wa kusoma. Eva alijaza hafifu, akanywa chai, akaondoka. Hakusogeza pua kwenye kifaa. Angesogeza kwa ajili gani?

Namba zilipokusanywa, hazikuwa na ubishi. Mchana boma lilikuwa shwari. Jioni ilipoingia, kisanduku kilishtuka ghafla, namna kinavyoshtuka kwa moshi, na Eva akaandika kwamba huo ni moto wa kupikia. Kisha amonia ilipanda na kukaa juu hadi alfajiri. Ile gesi ya mayai viza haikuonekana, au ilionekana kwa kiasi cha kudharaulika. Visanduku vya uzioni vilikuwa na gesi hiyo, lakini kando ya mabwawa hilo halikuwa ajabu; swali lilikuwa kinachofika bomani. Amonia ni ya mifugo. Eva alilipitia jambo hilo mara kadhaa, akaona liko wazi. Alimwonea huruma yule mama, si kidogo, lakini hakuona huruma ingeingizwa kwenye safu gani. Alimpelekea Adrian ripoti, Adrian akaisoma akiitikia kwa kichwa, na tarehe ya kikao ikapangwa.

Siku moja kabla ya kikao walikwenda kukusanya vifaa. Cha boma kilikuwa cha mwisho. Namunyak alisaidia kukifungua, akakipangusa kwa pindo la shuka, akamkabidhi Eva kwa mikono miwili. Eva akateremka nacho korongoni, akakiweka kiti cha nyuma, wakaondoka.

Hawajafika mbali, Raphaeli akashusha kioo chake. Akashusha na cha upande wa Eva. Ukungu ukaingia na baridi yake yote.

"Unataka kutuua?" Eva akauliza.

"Hapana, dada."

Eva alimtazama usoni kama kawaida yake. Uso ulikuwa umekunjamana kwa namna ambayo haikuwemo katika vipimo vyake. Haukuwa uso wa majitaka. Ulikuwa uso wa mtu anayezuia neno.

"Sema, Raphaeli."

"Naona haya."

"Sema tu. Baridi hii siyo ya kuonea haya."

"Nilidhani ni nguo zako," Raphaeli akasema. "Nikajiambia amekaa na wazee, si vizuri kumwambia. Lakini inatoka nyuma. Hicho kisanduku, dada, kinanuka ndama. Ndama hasa, na mkojo, na moshi wa ndani ya nyumba isiyo na dirisha. Bibi yangu alilala paa moja na ng'ombe mpaka anakufa. Harufu hiyo siwezi kuikosea."

Eva akamwambia asimamishe gari.

Alifungua kompyuta mapajani. Kila kisanduku kilikuwa na kipimajoto kidogo ndani, jambo ambalo hakuna mtu aliyejishughulisha nalo, kwa kuwa shauri halikuwa la baridi. Sasa akaliangalia. Visanduku vya uzioni vilitetemeka usiku kucha, kama kila kiumbe cha Karatu kilicholala nje kipupwe kile. Kisanduku cha boma hakikutetemeka. Giza lilipoingia kilipata joto, kikakaa nalo vizuri hadi alfajiri, kisha kikatoka nje.

Hakuhitaji kuelezwa zaidi, lakini alitaka kuelezwa.

"Geuza," akasema.

Namunyak alikuwa amekaa mlangoni akifukiza vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha mti. Alifurahi kumwona amerudi, akamsogezea kigoda.

"Yeyo, kile kifaa usiku kilikuwa kinalala wapi?"

"Ndani," Namunyak akasema, kana kwamba ameulizwa jua huchomoza wapi. "Kwenye kizizi cha ndama, karibu na kitanda changu. Asubuhi nakirudisha kwenye mti wake."

"Kila siku?"

"Ulitaka kilale nje? Kitu cha mgeni, na fisi hawa? Mwaka jana walimlia Koinet viatu, tena vya mpira." Alikitia kijinga ndani ya kibuyu, akakizungusha. "Uliniambia nikitunze. Nimekitunza. Hata wajukuu niliwakataza kukisogelea."

Eva alikaa. Alimweleza pole pole, kwa Kiswahili chepesi. Kwamba kifaa kilitakiwa kunusa usiku wa nje, na chenyewe kimenusa ndama. Kwamba kesho kikao kitasoma kwamba harufu ni ya mifugo yake. Na kwamba zipo kanuni: mlalamikaji akigusa kifaa, shauri lake linafutwa, hawaangalii alikigusa kwa nia gani. Koinet aliambiwa, yeye hakuambiwa.

Namunyak alisikiliza mpaka mwisho. Aliweka kibuyu chini.

"Basi kesho nitasema ni mimi niliyekiingiza."

"Ukisema hivyo ndio umekwisha, yeyo. Watakuhamisha."

"Na nisiposema?"

"Watakuhamisha vile vile."

Ndama mmoja alilia ndani, akanyamaza. Kisha Namunyak akamgeukia, akamtazama vizuri, na swali lake halikuwa na ukali wowote.

"Mwanangu, kile kitu kilinuka. Mimi mwenyewe nilikuwa nakipangusa ukikaribia kuja, kwa aibu. Wewe ulikuwa ukikishika mikononi kila mara. Hukusikia?"

Hapo Eva angeweza kusema mafua. Angeweza kusema haraka, au upepo. Alishasema vyote kwa nyakati tofauti, kwa watu tofauti. Lakini mama huyu alikuwa anakwenda kupoteza boma, na aibu ya Eva mbele ya hilo ilionekana kitu kidogo mno cha kukumbatia.

"Sinusi, yeyo. Tangu ule ugonjwa. Sisikii harufu yoyote."

"Yoyote?"

"Yoyote."

Namunyak alifikiri. "Kwa hiyo chai yangu?"

"Naisikia joto. Na sukari."

"Pole sana," Namunyak akasema, na akamshika mkono. Hakuna mtu aliyewahi kumpa Eva pole hiyo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuambiwa. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke.

Kikao kilifanyika katika ofisi ya kijiji, chumba cha madirisha mawili na mabenchi ya shule. Mwenyekiti wa kijiji alikaa mbele na Adrian. Wakulima wa jirani walijaza mabenchi, na Namunyak alikaa nyuma yao, wima. Modest alikuja na vielelezo vyake, kama alivyozoea kufanya kwenye kila kikao: chupa ya maji yanayotoka bwawa la mwisho, meupe ya kutamanika, na mtungi wenye kifuniko cha kukaza, wa majitaka yanayoingia bwawa la kwanza, ili watu waone maji yalikotoka na yalikofika. Ilikuwa fahari yake. Mtungi wenyewe hakuwa akiufungua, aliuonyesha tu.

Adrian alipofungua ripoti, Eva akasimama na kuomba isisomwe.

Alisema mambo kwa mpangilio wake. Kifaa cha boma kililala ndani, na joto la usiku linathibitisha. Mama hakujua kanuni, kwa kuwa mpimaji alimweleza kijana wake, kijana akasafiri. Namba zile hazifai kumhukumu mtu.

Modest aliinua mkono, kwa adabu. "Namheshimu dada yangu. Lakini tusizunguke. Mlalamikaji amegusa kifaa. Kanuni inasema shauri limefutwa. Hatujauliza amekigusa kwa upendo au kwa chuki."

Minong'ono ikaanza. Mwenyekiti akamgeukia Adrian, na Adrian, ambaye kanuni alizipenda zote kwa usawa, akakiri kwamba ndivyo ilivyoandikwa.

"Ndivyo ilivyoandikwa endapo upimaji ulifanyika," Eva akasema. "Haukufanyika. Kanuni inataka mpimaji anuse kifaa kila anapokikagua. Ningenusa ningejua siku ya kwanza kabisa, ningekihamisha, tungeanza upya. Mimi sikunusa. Nilijaza tu. Pua yangu haifanyi kazi, ina miaka haifanyi kazi, na ofisi sikuiambia. Kosa ni la mpimaji. Kama upimaji ni batili tangu mwanzo, mlalamikaji hajagusa kitu chochote cha kisheria."

Adrian alivua miwani. Eva, aliyemjua, akaelewa kwamba kazi yake imekwisha pale pale.

Modest ndiye aliyeshindwa kukubali. Kwa miezi kadhaa alikuwa amesubiri siku hii, na sasa inaponyoka kwa maneno ambayo hakuna wa kuyapima. Upole ukamtoka kidogo.

"Kila mtu anaweza kusema hanusi," akasema. "Mimi pia naweza kusema sioni. Mwenyekiti, huyu anawabeba hawa. Tuhakikishe."

Akauchukua mtungi, akakaza mkono, akafungua kifuniko, akamsogezea Eva puani.

Majitaka yale yalikuwa yamefungiwa tangu jana, tena yalitikiswa garini njia nzima. Benchi la mbele liliondoka lote kwa pamoja. Mkulima mmoja alipitia dirishani, na hakuwa mwembamba. Mwenyekiti alijifunika uso kwa koti, Adrian akakimbilia mlangoni akikohoa, na Modest mwenyewe, aliyeuzoea mtungi huo maisha yake yote, alikuwa amegeuza shingo upande mwingine huku mkono umenyooka.

Eva alibaki amesimama. Alikuwa na uso wake juu ya mtungi, akipumua polepole kwa pua, kama mtu anayengoja daktari amwambie imetosha. Hakukunja chochote. Macho yalimwasha kidogo, basi.

"Ni baridi," akasema. "Nasikia baridi ya mvuke. Hakuna kingine."

Nyuma kabisa Namunyak hakuwa amekimbia. Alikuwa amejiziba pua kwa shuka, na alinyanyua mkono mmoja, akauelekeza kwenye mtungi.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Hiyo hiyo. Hiyo ndiyo inakuja kwangu usiku."

Na wakulima waliokuwa nje, wakichungulia madirishani kwa umbali wa heshima, wakaitikia kwamba ndiyo, hiyo hiyo, mpaka Mbulumbulu juu siku zenye upepo. Modest alitazama mtungi mkononi mwake. Akatafuta kifuniko. Ilimchukua muda kukipata.

Kikao kiliamua upimaji urudiwe. Alikuja mpimaji mwingine kutoka Arusha, kijana mwenye pua inayofanya kazi, akavifungia visanduku kwenye vizimba vya chuma vyenye kufuli, akamweleza Namunyak mwenyewe, ana kwa ana, akarudia mara mbili. Namunyak alikubali, ingawa aliona ni ukatili. Safari hii usiku ulipimwa ukiwa nje, na gesi ya mayai viza ikaonekana ikipanda kutoka bondeni kila hewa ilipotulia. Kampuni ikafunika bwawa la kwanza kwa turubai nene. Modest aliisimamia kazi hiyo mwenyewe, na inasemekana aliisimamia vizuri. Boma lilibaki.

Eva hakubaki. Adrian hakumfokea, alimwambia tu kwamba mtu anayejaza asichokisikia hawezi kupewa kifaa, na Eva hakuwa na la kubisha. Alirudi kwao Mbulumbulu kulima ngano na mama yake, akisaidia watu kutengeneza simu jioni.

Mvua za vuli zilipokaribia, Raphaeli alimpigia kwamba anapita njia ya lango, na yule mama wa boma ameulizia. Wakaenda. Namunyak alimlaki kwa mikono yote miwili, akamkalisha, akamletea chai, na safari hii hakuuliza kama amesikia. Alimweleza mwenyewe. Leo bondeni hakuna kitu. Leo upepo umetoka Olbalbal, una vumbi lililoloa, huko inanyesha. Leo mgeni wa Koinet amelala hapa siku mbili na bado hajaaga.

Eva alikuwa amevua koti lake na kulitundika kwenye ile nguzo. Mazungumzo yalinoga, jua likashuka, na alipoinuka kuaga koti halikuwepo. Namunyak aliingia ndani, akatoka nalo limekunjwa vizuri.

"Jua lilikuwa linazama," akasema.

Chini kwenye gari Raphaeli aliwasha injini, akatulia kidogo, kisha akashusha vioo vyote vinne. Eva alilishika lile koti mapajani. Alilileta puani kwa mazoea ya zamani, akavuta hewa, na hapakuwa na kitu, kama kila siku.

"Linanukaje?" akauliza.

Raphaeli alimtazama. Miaka yote aliyomwendesha hakuwahi kuulizwa.

"Niambie tu," Eva akasema. "Taratibu. Anza na moshi."